Chama Kidogo cha Jimbo: Nguvu Yake na Ugonjwa Wake
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama)



Wengi wanatuuliza: mbona sisi huku kwetu Wamaza hatufanyi chama chetu peke yetu? Swali ni zuri, wala hatulicheki. Lakini kwanza tuangalie jirani zetu.

Mwaka 1958, huko Bukavu, Bwana Anicet Kashamura na wenzake walianzisha CEREA. Wakati ule Maniema yetu ilikuwa ingali ndani ya jimbo la Kivu. Chama hiki hakikuenea Kongo nzima, ila neno lake lilieleweka kwa kila mlimaji: udongo. Komite Nasionali ya Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iligawia walowezi mashamba, na mwenyeji akageuka kibarua juu ya udongo wa babu yake.

Uchaguzi wa Mei 1960 uliipa CEREA viti 10 katika viti 137 vya Baraza la Wajumbe. Mtu wa kiburi atasema, kumi ni nini? Basi hesabuni pamoja nasi. Mwezi wa Juni serikali ya Lumumba ilikubaliwa kwa kura 74, na zilizotakiwa ni 69. Toa kumi, zinabaki 64, serikali hakuna! Ndiyo sababu Kashamura alipewa uministri wa Habari, na Bwana Bisukiro naye akaingia.

Ugonjwa ulitoka ndani. Viongozi waligawanyika, huyu na watu wake, yule na watu wake. Bwana Miruho wa CEREA alikuwa rais wa jimbo. Desemba 1960 askari waliotoka Stanleyville walimkamata pale Bukavu, na Januari 1961 aliyekuja kushika jimbo ni Kashamura, wa chama kile kile! Mlimaji aliyelipa karata yake amfuate nani?

Watu wa Maniema wengi walikuwa upande wa MNC ya Lumumba. Jimbo lao walilipata mwaka 1962, likarudishwa Kivu, likasimama tena mwaka 1988. Basi jimbo tunalo. Chama cha jimbo, hatukatazi. Lakini anayekuja kambini kuuza karata, mwulizeni sanduku la pesa linakaa kwa nani, na siku wakubwa wakigombana nani ataamua, wanachama au askari. Asipojibu, wekeni franka zenu mfukoni.