Mali ya Umma ya Burudani Migori na Homa Bay: Nani Ameiandika?



Nianze na Thimlich Ohinga. Kuta zake za mawe yaliyopangwa bila saruji, zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, zimesimama Migori tangu yapata karne ya 16. Serikali ilizitangaza kuwa turathi ya kitaifa mwaka 1981, na mwaka 2018 zikaingia katika Urithi wa Dunia. Leo si rahisi bwanyenye yeyote kuchomeka bikoni pale, kwa kuwa eneo limeandikwa, lina ramani, na mdhamini wake, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, anajulikana. Hifadhi ya Taifa ya Ruma, Homa Bay, vilevile: kilomita za mraba 120 za Bonde la Lambwe, makao ya mwisho ya korongo (aina ya swala) nchini, chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS.

Hofu yangu ni kwa mahali pasipo na sifa: uwanja wa mpira nyuma ya soko, ufuo wa kuogelea, bustani iliyobaki kando ya ofisi ya baraza la mji la zamani. Mabaraza hayo yalivunjwa 2013. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti bustani, fuo na vifaa vya burudani; majukumu yakahamia, makaratasi yakasuasua. Na tulikuwa tumeonywa: ripoti ya Tume ya Ndung'u, 2004, ilianika jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi nchi nzima.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inaiagiza Tume ya Taifa ya Ardhi itunze hifadhidata ya ardhi ya umma yenye vipimo vya ramani. Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa kidijitali wa serikali, ilizinduliwa 2021, ikaanzia Nairobi. Sioni sababu ya kungoja ifike. Kaunti za Migori na Homa Bay zianze na jedwali la kawaida la kompyuta, lililo wazi kwa kila mwenye simu: jina wanalotumia wenyeji, namba ya kiwanja, vipimo vya kila kona, mwenye hati, picha yenye tarehe, kisha nani amekodishwa, kwa shilingi ngapi, hadi lini. Safu hiyo ya ukodishaji ndiyo itakayozua kelele, nami ningeijaza kwanza.

Wapo wanaosema kuchapisha vipimo ni kumwonyesha mnyakuzi njia. Mnyakuzi ana rafiki masjala ya ardhi; njia anaijua tayari. Asiyejua ni kocha wa timu ya wasichana, anayefika Jumamosi akakuta uwanja umezungushiwa mabati. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kocha huyo haki ya kuuliza. Jedwali lingempa jibu kabla mabati hayajafika.

Kwenye fuo kuna ugumu wa kweli. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu miaka ya 1960, likameza vibanda na mipaka. Ukiuandika ufuo kwa mstari mmoja, maji yakirudi nyuma itajitokeza ardhi isiyo na mwenyewe kwenye daftari, na wajanja huingojea hiyo. Kila ufuo uwe na mistari miwili, wa maji yakijaa na wa maji yakipungua, na kilichomo katikati kiandikwe kuwa cha umma. Kamati za usimamizi wa fuo, BMU, zinaikumbuka mistari hiyo kwa miti na miamba. Wapimaji watembee nazo kwanza, kompyuta ifunguliwe baadaye.