Kitabu cha Askari na Haki ya Mjane



Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani mzee Albert Kunyuku, mwenye miaka 100. Mzee huyo alitumika katika Force Publique, jeshi la koloni, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wenzake wengine walipigana Abisinia, ambako jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha huko Saïo, Julai 1941. Nishani ilichelewa zaidi ya miaka 75. Mjane aliye kambini hawezi kungojea hivyo.

Sheria namba 13/005 ya 15 Januari 2013 inataja pensheni ya askari na haki za mjane na yatima. Lakini nyumba iliungua, na kitabu cha kazi kiliungua ndani yake. Mama atasema nini mbele ya karani?

Aanze na namba ya matrikule, kikosi, kambi na miaka. Atazame nyuma ya picha za zamani; huenda namba imeandikwa pale. Ataje jeshi kwa jina la wakati ule: Force Publique, ANC kuanzia 1960, kisha FAZ, FAC, na sasa FARDC. Tena kuna jambo la majina. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo. Mtu aliingia jeshini akiitwa Joseph, akatoka na jina la babu yake, na karani anadhani ni watu wawili. Andikeni majina yote mawili.

Cheti cha ndoa au cha kifo kikikosekana, mahakama yaweza kutoa hukumu inayochukua nafasi yake. Hukumu hiyo haiwi kitabu cha kazi. Kazi ya askari huthibitishwa na jeshi lenyewe.

Hapo ndipo mashahidi wanahitajika, na hapa nasema na ninyi machifu. Shahidi wa mjane Mhema aweza kuwa Mlendu aliyekula naye mumewe sahani moja kambini. Usikatae kutia sahihi kwa sababu familia imetoka upande ule. Nanyi familia, msimkatae shahidi kwa kabila lake, wala msimwombe aseme asiyoyaona. Miaka ya porini pamoja na wanamgambo msiitie humo. Itaharibu faili lote.

Waulizeni wazee wa kambi ya jeshi wiki hii. Wachache tu wangali wanayakumbuka majina.