Siku za Kwanza za Lami Mpya

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa kisiwa cha Pate.



Njia nyingi za kisiwa chetu bado ni mchanga na udongo. Kwa hivyo kipande cha lami, hata kikiwa cha hatua hamsini tu mbele ya nyumba, duka au zahanati, ni mali. Na huku kwetu kukirekebisha si kazi ya kupiga simu gari likaja. Kokoto, mapipa ya lami na mashine ya kushindilia vyote huja kwa chombo, na chombo chenyewe hungoja maji yajae ndipo kipite Mkanda. Lami moto nayo haingoji mtu: ikipoa kabla ya kushindiliwa, haishikani tena. Ndiyo maana kwa viraka vidogo visiwani lami baridi hufaa zaidi, ingawa huchelewa kukauka.

Lami mpya huonekana ngumu juu, kumbe ndani bado ni laini. Ile ya moto iacheni siku mbili tatu kabla ya kupitisha chombo chochote. Ile ya baridi, msikilizeni fundi, kwani kukauka kwake hutegemea jua na upepo. Hata baada ya hapo, kwa miezi kadhaa, jua la Kaskazi la saa saba mchana huilainisha. Ukiegesha boda boda, stendi ya pembeni huzama kama kisu kwenye halua. Vijana, tembeeni na kipande cha ubao cha kuweka chini ya stendi. Mkokoteni wenye mzigo usizungushwe pale pale uliposimama. Uanze kwenda kwanza, ndipo ukate kona. Boriti zibebwe, zisiburutwe.

Adui mkubwa lakini ni mafuta. Lami hutokana na mafuta ghafi, kwa hivyo petroli na dizeli huiyeyusha. Na sisi petroli twaiuza kwa chupa na madumu, ya boda boda na ya mashine za boti, kando ya njia. Ikimwagika, ifunikeni mara moja kwa mchanga mkavu, uache unyonye, kisha uzoeni. Msiimwagie maji; maji huyatawanya mafuta. Muuzaji naye asogee nje ya lami, na chini ya madumu yake aweke karai la mchanga. Wako pia wanaoona lami imegeuka kijivu wakaipaka oili chafu ya injini ili irudi nyeusi. Kijivu ni kawaida, ni kazi ya jua na hewa. Oili chafu si dawa hata kidogo.

Sasa la harusi, na hapa najua nitalaumiwa. Mafiga ya pilau yasiwekwe juu ya lami. Moto wa kuni huunguza ile gundi inayoshika kokoto, na asubuhi mwakuta shimo la ukubwa wa sufuria. Mchanga tunao tele pembeni. Turubai nalo lifungwe kwenye magunia ya mchanga, misumari ya chuma isipigiliwe.

Maji huanza kula pembeni. Mrizabu wa paa ukimwaga kwenye ukingo wa lami, mchanga wa chini huondoka na ukingo hubaki ukining'inia. Punda mmoja mwenye mzigo akiukanyaga, umevunjika. Elekezeni maji kwenye mtaro, na mtaro uzolewe taka kabla ya masika. Lakini maji yaliyopita juu ya lami yasielekezwe kwenye jabia, maana hubeba mafuta.

Mama mjamzito akitolewa Siyu kupelekwa hospitali ya Faza hupakiwa kwenye boda boda. Yeye ndiye anayelijua shimo kuliko mhandisi yeyote.

Anayetaka kupitisha bomba la maji chini ya lami asikate mwenyewe. Kwanza aonane na msimamizi wa wadi. Na mkiona ufa au ukingo umeanza kumeguka, mpelekeeni picha ukiwa bado mdogo, mtaje mtaa na jengo lililo karibu, na muweke kitu kama kiatu ubavuni mwa ufa ili ukubwa wake uonekane.