Mintarafu ya Taa Rahisi ya Betri kwa Kibanda cha Dago

Mada iliyosomwa mbele ya wavuvi na mafundi wa umeme mdogo, Tanga



Dago ni makao ya muda, na kwa kuwa ni ya muda si desturi ya nguzo za umeme kuyafuata. Nayo madago yametapakaa, msimu hata msimu, katika pwani yetu kuanzia Moa na Kwale upande wa kaskazini hadi Kipumbwi na Mkwaja upande wa kusini, mahali ambapo wenyeji wa hapa na wageni wao wa tangu na tangu kutoka Kojani na sehemu nyingine za Pemba husimamisha vibanda vya fito na makuti, wakavua, wakaparuza, wakatia chumvi, wakaanika ng'onda, kisha pepo zinapogeuka wakang'oa kilichong'oleka wakaenda zao. Taa ninayokusudia kuizungumza ni ya kibanda hicho. Taa kubwa za kuvutia dagaa zina kanuni zake na wajuzi wake, nami nitazigusa kidogo tu mbele ya safari. Maudhui yangu ni nuru ndogo ya kushonea wavu, ya kuparuzia samaki, ya kumwona nge kabla hajakanyagwa, na ya kumwonyesha nahodha anayerudi usiku upande lilipo dago lake.

Kazi hiyo yote kwa miaka mingi imefanywa na kibatari, yaani kopo, utambi na mafuta ya taa, ambacho fadhila yake ni kwamba kila mtu aweza kukitengeneza, na kasoro zake ni kwamba nuru yake ni haba, takriban lumeni 10 au pungufu, moshi wake huingia vifuani mwa waliolala, na ulimi wake wa moto umo ndani ya nyumba ambayo kuta zake na paa lake ni kuni kavu. Fanusi ya chemni ilipunguza hatari hiyo bila ya kuiondoa, na karabai ilileta nuru tele kwa gharama ambayo mvuvi aliikubali baharini, palipo na samaki wa kuilipa, lakini hakuikubali kibandani. Mambo yaligeuka baada ya wanazuoni watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, kufaulu kutoa nuru ya buluu katika LED, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014; kwani LED nyeupe tunayoinunua leo madukani kwa kweli ni ya buluu iliyopakwa unga wa kung'aa wa rangi ya manjano, na mchanganyiko wa nuru hizo mbili ndio jicho huuona kuwa weupe. LED ya kawaida hutoa lumeni kama 100 kwa kila wati, maana yake wati moja tu, ambayo hata betri dhaifu huimudu, hushinda vibatari kumi vilivyokusanywa mahali pamoja.

Hapo mtu ataniuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini basi tutaabike kuunda, ilhali taa za LED zimejaa kila duka na kila meza ya mchuuzi, tena kwa bei ya chini? Jawabu langu ni kwamba nyingi katika taa hizo zimeundwa ili ziuzwe, hazikuundwa ili zidumu: betri yake imegandishwa kwa gundi, kifuniko chake hakina skurubu, na siku chumvi inapopenya ndani yake hakuna la kufanya ila kuitupa pwani pamoja na sumu yake na kununua nyingine. Kwa mtu wa mjini, aliye karibu na duka, huo ni usumbufu. Kwa mtu aliye dagoni, ambaye duka liko ng'ambo ya maji, ni kurudi katika kiza na kibatari. Kwa hiyo taa ninayoiita rahisi ni ile ambayo kijana wa dago aweza kuifungua kwa bisibisi na kisu, akaona kilichoharibika, akakibadili, hata kama siku ya kwanza iligharimu zaidi ya ile ya mchuuzi.

Tuingie katika ufundi wenyewe. Chukueni LED tatu za wati moja kila moja, mziunge kwa mfuatano, chanya ya hii kwa hasi ya ile, na kila moja itahitaji takriban volti 3.2, jumla volti 9.6. Betri ya volti 12 iliyojaa vyema, ikiwa kazini, hukaa karibu na volti 12.6; zinabaki volti 3 zisizo na kazi, nazo lazima zizuiwe, kwani LED haina kiasi, hula umeme wote inaopewa hadi ikajiunguza. Rezista ya omu 10 itaziondoa volti hizo 3 na kuruhusu ampea 0.3, kiasi ambacho LED za namna hiyo hukivumilia bila ya taabu. Nayo iwe rezista ya wati 2, maana ile ndogo itapata joto kupita kiasi. Jumla ya umeme unaoliwa haifiki wati 4, na nuru yake ni karibu lumeni 300, tele kwa kushonea wavu wenye matundu madogo.

Lakini nuru ya kushonea wavu si ya kulalia, na hapa ndipo akiba kubwa ilipo. Wekeni swichi ya njia mbili, njia ya pili ikipitia rezista ya omu 47 ya wati 1, na umeme utashuka hadi chini ya ampea 0.1, taa ikala karibu wati moja. Nuru hiyo hafifu yatosha kumwonyesha mtu mlango ulipo na kilichoko sakafuni, na katika dago lenye watu wanaolala na kuamka kwa zamu kufuata maji, ndiyo itakayowaka saa nyingi kuliko ile kubwa. Itundikeni taa juu ya mahali pa kazi, wala si katikati ya banda kwa ajili ya uzuri, na ikingwe upande wa macho kwa kipande cha kopo, kwa sababu mtu aliyetazama LED uso kwa uso kisha akatoka nje hukaa kitambo hajaona bahari wala chombo. Mkipata za rangi ya joto, inayoelekea manjano, ni bora zaidi kibandani, maana wadudu huzifuata kidogo kuliko zile nyeupe za buluu.

LED hizo zisiachwe hewani. Zina joto, na joto ndilo linalozifupishia umri. Zibandikwe juu ya kipande cha alumini, hata kiwe kimekatwa katika sufuria iliyotoboka, kikubwa kama kiganja, kwa gundi ya kupitisha joto, na kwa hadhari kwamba miguu ya LED isigusane na alumini yenyewe.

Sasa betri, kwani taa yenyewe ni kitu kidogo, na takriban gharama yote imo katika betri na paneli ya sola. Inayopatikana kwa wepesi ni betri ndogo ya risasi iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 7, ya aina inayotumiwa katika kengele za tahadhari na katika vyombo vya kukinga kompyuta umeme unapokatika. Hesabu yake ni wati-saa 84, lakini ole wake atakayezitumia zote, kwa sababu betri ya risasi si mtungi wa maji unaoweza kukaushwa hadi tone la mwisho kisha ukajazwa upya kama kwamba hapakuwa na jambo: ikishushwa hadi chini mara chache tu huvia, isikubali tena chaji. Tumieni nusu, wati-saa 42, nazo zitaiwasha njia kubwa ya taa saa 11 au njia ndogo zaidi ya saa 30. Paneli ya wati 10 katika siku ya jua jema huirudisha nusu hiyo, mradi kuna kidhibiti chaji katikati, maana paneli iliyoungwa moja kwa moja huichemsha betri siku za kaskazi zenye jua kali, na siku za masika, mawingu yakitanda juma zima, hakuna budi kuishi kwa njia ndogo ya taa.

Katika nchi za baridi kali, kama Finland, wako wavuvi wanaovua juu ya ziwa lililoganda barafu, ndani ya kibanda kidogo, kwa tundu lililotobolewa sakafuni pake. Nao wana shida ya taa ya betri kama sisi, ila shida yao ni kinyume cha yetu. Baridi huilaza betri ya risasi, ikatoa labda nusu tu ya nguvu yake, lakini haiiui maadamu ina chaji. Joto letu huiamsha ikatoa nguvu yake yote, na huku linaila umri, kwani kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hukata maisha ya betri kwa nusu. Basi betri isiwekwe chini ya bati wala juani kando ya paneli. Ichimbiwe kivulini, ndani ya sanduku la mbao, juu ya kiwango cha maji ya bamvua.

Mtu aweza kudhani kwamba kwa kuondoa utambi tumeuondoa moto. Abadan! Betri ndogo kama hiyo, waya zake zikigusana, hutoa kwa dakika moja umeme wa kutosha kuufanya waya uwe mwekundu na kuyawasha makuti, tena bila ya mtu kulala chonjo kama alivyofanya kwa kibatari. Fyuzi ya ampea 2, ikiwekwa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, ndiyo kitu cha thamani ndogo kuliko vyote katika chombo hiki, na ndiyo inayoachwa mara nyingi kuliko vyote. Fundi asiyeweka fyuzi katika nyumba ya makuti mimi simhesabu fundi.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni chumvi. Shaba ya waya wa bei ndogo, iliyofyonza unyevu wa bahari, hugeuka kijani kwa nje na nyeusi kwa ndani, tena uozo hutambaa chini ya mpira pasipo kuonekana, hata ikawa taa inazimika na kila sehemu yake, ukiitazama, ni nzima. Kiungo cha kusokota kwa vidole, kilichofunikwa kwa utepe, hakifai dagoni. Kilehemuni kwa risasi, kisha kipakwe silikoni hadi kisionekane. Vichwa vya betri vipakwe grisi. Skurubu za chuma zitakula kutu, na za shaba nyeupe, ambazo wengi huzisifu, zikigusana na alumini katika hewa ya chumvi huiozesha alumini ile. Kwa hiyo patengwe kwa kipande cha mpira. Taa yenyewe iingizwe katika kopo la plastiki linalopitisha nuru, lenye kifuniko cha kukaza, lililofungwa adhuhuri ya siku kavu, ili hewa iliyomo isigeuke matone usiku.

Mtu aliyekwisha kuelewa hayo aghalabu huingia katika kosa la pili, naye ni yule mwangalifu: huona kama taa imefungwa isipite hewa, basi na betri ifungwe vivyo hivyo. La. Betri ya risasi inapojazwa huweza kutoa hidrojeni, gesi nyepesi ipatayo moto upesi, na sanduku lisilo na tundu hugeuka bomu dogo linalongoja cheche ya swichi. Sanduku la betri litobolewe juu na chini, matundu ya pembeni yasiyoingiza mvua. Na swichi ikae nje yake.

Kuna neno jingine ambalo pengine halikutarajiwa katika mada ya taa. Betri inapokufa, risasi iliyomo ndani yake hutamaniwa, kwa sababu risasi ndiyo chubwi ya mshipi na ya wavu, na kuiyeyusha juu ya jiko la mkaa ni kazi ndogo. Moshi na vumbi la risasi hiyo huingia katika damu, na huwadhuru zaidi watoto, akili zao zikadumaa; jirani zetu wa Owino Uhuru, kule Mombasa, waliokaa kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipatwa na balaa hilo hata wakaenda mahakamani. Betri mbovu irudi nzima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayezipeleka panapostahili, na chubwi zinunuliwe.

Taa za baharini nilisema nitazigusa. Msingi wake ni uleule, lakini nuru ya kibanda na nuru ya kuvutia samaki hazifanani: maji humeza wekundu katika mita chache za juu na kuuacha ubuluu na ukijani ushuke, ndiyo maana LED nyeupe za buluu, tunazozikataa kibandani, hufaa pale, na katika mbalamwezi hata taa kali hupoteza mvuto wake, kama kila nahodha ajuavyo bila ya kufundishwa. Anayekusudia kuziunda aanze kwa afisa uvuvi wa wilaya yake, kwani uvuvi wa taa una masharti, na masharti hubadilika.

Linalobaki ni la taratibu kuliko la ufundi, nalo ni nani atakayeitunza betri. Taa ya kibatari ilikuwa ya mwenye mafuta. Betri ya dago ni ya wote, na cha wote, wakati simu kumi zinangoja kujazwa chaji humo, huwa si cha mtu. Rai yangu ni kwamba kila dago limteue mmoja, pengine yule mwenye kulinda ng'onda mchana, apewe mita ndogo ya kupimia volti, na apewe idhini ya kumnyima chaji hata nahodha inapoonyesha pungufu ya volti 12.2 wakati taa zimezimwa. Manahodha watalizungumza hilo baada ya mapumziko. Kwa sasa betri tano, LED, rezista na fyuzi zimewekwa juu ya meza ya upande wa dirisha. Naomba mjigawe kwa madago mnayotoka, nasi tutaanza kwa kupima betri kabla ya kuunga waya wowote.