Sauti Nje, Uso Ndani: Mhadhara juu ya Masimulizi ya Nafsi na Afya ya Akili



Maudhui niliyojaaliwa wasaa wa kuyanena mbele yenu jioni hii ni namna mtu anavyoweza kupata faraja kwa kuisimulia habari ya nafsi yake mbele ya kinasa sauti, na namna mwingine, asiyemjua wala hatamjua, anavyoweza kupata nafuu kwa kuisikiliza habari ile akiwa peke yake jikoni au amebanwa ndani ya daladala. Najua kwamba wengi wa rika langu wamezoea kuzihesabu podikasti kuwa ni pumbao la vijana. Walakini mimi, kwa kuzisikiliza na kwa kuyalinganisha niliyoyasikia na yale ambayo wataalamu wa tiba ya nafsi wamekuwa wakiyachunguza tangu karne iliyopita, nimeamini kwamba ndani yake limo jambo ambalo jamii zetu zimelihitaji siku nyingi, nalo ni mahali pa kutolea ya moyoni bila ya kuvuliwa sitara.

Nianze na dhiki yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 mtu 1 kati ya kila watu 8 ulimwenguni alikuwa akiishi na maradhi ya akili ya namna moja au nyingine, na hapana sababu ya kudhani kwamba sisi tumeepushwa. Lakini kwetu mgonjwa wa sonona husemwa kwamba "ana mawazo", kisha mazungumzo hugeuzwa upesi. Na akizidiwa, hutajiwa Mirembe kama yuko Dodoma, au Mathari kama yuko Nairobi, na majina hayo ya hospitali, ambazo zimekuwa zikiuguza watu tangu zama za ukoloni, hutamkwa kama matusi. Mwanamume hufunzwa kufa na tai shingoni. Mwanamke huusiwa kwamba ya chumbani hayavuki kizingiti. Nchini Kenya, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kinapingana na Katiba, mtu aliyejaribu kujiua akanusurika alihesabiwa mhalifu, na yeye ambaye haja yake ilikuwa tabibu na nduguze aliweza kukabiliwa kwanza na askari. Nani basi, katika hali hiyo, angethubutu kusema kwamba usiku wa jana alitamani kufa?

Nisifahamike kuwa naishutumu sitara. Watu wa pwani wameishi kwayo, na ni katika murua wa muungwana kutofichua aibu ya jirani wala kuitangaza ya kwake. Lakini wazee wetu hawakuwa mabubu, nao waliipatia huzuni njia zake za kutokea. Barazani penye kahawa na bao hapakuwa mahali pa kulilia, maana pale husemwa habari za bei, za siasa na za safari; ila mwari alikuwa na somo wake, ambaye aliweza kuambiwa yasiyoambiwa mama, na mjane wa eda alikuwa na wanawake waliokuja wakaketi naye mkekani, siku hata siku, wakimwacha aseme au anyamaze kama apendavyo. Na iliyo ajabu zaidi ni ngoma ya pepo. Tazameni lililokuwa likitendeka: mwanamke ambaye mwaka mzima hakuinua sauti mbele ya mumewe, akishafukizwa ubani na kufunikwa shuka, hunena kwa sauti ya mwingine, ni pepo anayedai kanga mpya, ni pepo anayelalamika kwamba kiti chake, yaani mwanamke yule aliyempanda, kimedharauliwa, kimepigwa, hakitazamwi, na mume yule yule aliyekuwa hana sikio huketi akasikiliza, akaahidi mbele ya watu. Simo katika kuthibitisha wala kukanusha pepo, hilo nawaachia masheikh. Ninalolishika mimi ni kwamba watu wale walikwisha tambua kuwa sauti ikitengwa na uso, hunena yale ambayo uso ungeyaonea haya.

Kinasa sauti hutenda vivyo hivyo, na kwa gharama ndogo. Vipindi vya podikasti, vilivyoanza kuenea Ulaya na Marekani katika mwaka 2004 na 2005, havihitaji mnara wala leseni ya masafa; huhitaji simu, chumba, na mtu mwenye la kusema. Mfikirieni msichana aliyejifungia chumbani, ametundika blanketi mlangoni ili kelele za bodaboda zisiingie, simu ameiegemeza juu ya vitabu, karatasi aliyoandika maneno yake ameikunja mara nne mkononi. Huanza, akakata, huanza tena, akacheka kwa kihoro, kisha huiacha ile karatasi, akasema moja kwa moja kwamba mimba yake iliharibika na hapana mtu nyumbani aliyewahi kuitaja tangu siku ile. Hapana aliyekunja uso mbele yake wakati akisema hayo. Hapana aliyemkatiza kwa "mshukuru Mungu, utapata mwingine". Na wiki mbili baadaye mwanamke wa mji mwingine, aliyetia visikilizio masikioni huku akichambua mchele, huisikia sentensi ile ile aliyoibeba yeye mwenyewe kwa miaka, imesemwa kwa lafudhi anayoijua, wala hapana nyumbani mwake anayejua analia kwa nini.

Mfano ulio hai upo Nairobi. Adelle Onyango, aliyejulikana kwanza kwa utangazaji wa redio, alianzisha mwaka 2019 podikasti iitwayo Legally Clueless, na ndani yake akaweka sehemu ya 100 African Stories, ambamo watu wa kawaida, si mashuhuri wala si mabingwa wa fani yoyote, husimulia yaliyowapata. Sifa ninayoiona katika kazi hiyo ni kwamba msimulizi hatakiwi awe funzo kwa wengine. Huachiwa habari yake ikiwa na mapengo yake, na hata asipofikia mwisho mwema hapana anayemlazimisha kuubuni.

Sasa niulize swali ambalo chuo kikuu hakina budi kuliuliza: je, nafuu hiyo ni ya kweli, au ni hisia ya jioni moja tu? Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio walilolifanya huko Dallas, Marekani, ambapo waliwataka wanafunzi waandike kwa dakika 15 kila siku, kwa siku 4 mfululizo, wengine juu ya mambo ya juujuu yasiyo na uzito, wengine juu ya msiba mkubwa kuliko yote ya maisha yao. Walioandika msiba walitoka chumbani wakiwa na majonzi zaidi kuliko walivyoingia, na shinikizo la damu limepanda. Lakini miezi ilipopita, wale walioandika matukio pamoja na hisia zao juu ya matukio hayo walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Uchunguzi mwingi ukafuata. Na Joanne Frattaroli alipozikusanya tafiti 146 mwaka 2006, alikuta kwamba manufaa yapo, ingawa ni madogo. Nakuomba, msikilizaji, uyashike yote mawili, kuwapo kwake na udogo wake, maana wako wanaouza masimulizi kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa.

Limo jambo jingine katika kazi ya Pennebaker ambalo mimi nalithamini kuliko takwimu zake. Alipoyachambua maandishi yenyewe pamoja na wenzake, alikuta kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao, siku baada ya siku, maneno yao ya kutafuta sababu na ya kutambua yaliongezeka. Habari yao ya siku ya nne haikuwa ile ya siku ya kwanza. Aliyerudia maneno yale yale hakupata kitu kikubwa. Kumbe basi linalotibu ni kule kuipanga habari, kuuliza hili lilitoka wapi na lile lilifuata kwa nini, hata mtu akaweza kuyatazama yaliyompata pasipo kuzama ndani yake. Ndiyo maana namsifu mtayarishaji anayempa msimulizi muda wa kujiandaa, na kumrudia baada ya siku chache kabla ya kurekodi, kuliko yule anayejigamba kwamba amemtoa mtu machozi katika dakika ya tatu.

Upande wa msikilizaji nao una ushahidi wake, na umetoka kwa jirani zetu. Mwaka 2004 ulianza nchini Rwanda mchezo wa redio wa Musekeweya, uliotungwa kwa Kinyarwanda baada ya mauaji ya kimbari ili watu wazungumze juu ya chuki na juu ya majeraha ya moyo. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliyapa baadhi ya makundi ya wanavijiji mchezo huo kwa mwaka mzima, na mengine akayapa mchezo wa redio juu ya afya. Na matokeo aliyoyatoa mwaka 2009 yalikuwa kinyume na matarajio ya wengi. Imani za watu hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni dhana yao juu ya kile ambacho wenzao hukikubali, na pamoja na dhana hiyo mwenendo wao, hata katika kuponya majeraha ya moyo. Mimi naona hapo ndipo ilipo siri yote. Mwenye sonona aghalabu hahitaji kuthibitishiwa kwamba anaumwa. Anahitaji kujua kwamba akilisema hilo mtaani kwake hatakuwa wa kwanza, wala ardhi haitapasuka.

Tena kusikiliza si kazi ya madaktari peke yao. Chad Varah, padri wa kanisa la St Stephen Walbrook mjini London, alifungua simu yake kwa watu waliokata tamaa mnamo Novemba 1953, akawakaribisha pia waje ofisini. Na kwa kuwa walikuwa wengi, watu wa kujitolea waliketi nao chumba cha nje, wakawapa chai na kuwasikiliza wakingoja zamu. Baada ya muda mfupi aliona kwamba wengi, wakishakunywa chai na kusema yao kwa yule mtu wa kawaida, waliondoka bila ya kumhitaji yeye tena. Hakulionea wivu jambo hilo. Kufikia Februari 1954 alikwisha wakabidhi wao kazi ya kuzungumza na wahitaji, na jumuiya ya Samaritans ikasimama juu ya msingi huo mpaka leo.

Hata hivyo sitakuwa mwaminifu kwenu nisipoyataja madhara. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997 huko Wales, watu walioungua moto walitembelewa hospitalini na kutakiwa kuyasimulia yaliyowapata katika kikao kimoja. Baada ya miezi 13, asilimia 26 yao walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, ilhali miongoni mwa walioachwa bila ya kikao walikuwa asilimia 9. Ni kweli kwamba kundi la kwanza lilikuwa na majeraha makubwa zaidi tangu mwanzo, walakini tafiti nyingine nazo hazikuona manufaa katika kumfukulia mtu kidonda kibichi mara moja na kumwacha. Na kwa habari za kujiua, Thomas Niederkrotenthaler na wenzake wa Vienna, walipoyachunguza magazeti ya Austria ya mwaka 2005, walikuta kwamba habari za mtu aliyefikia ukingoni kisha akapata njia ya kuishi zilifuatana na kupungua kwa vifo hivyo, ilhali habari zilizokuwa zikirudiwarudiwa zilifuatana na kuongezeka. Basi asiwepo mtayarishaji atakayeeleza namna mtu alivyojidhuru. Aeleze alimpigia nani simu, nani alikuja, na kesho yake aliamkaje.

Kadhalika podikasti haitoshi peke yake. Mwenye kuisikia akatikisika anahitaji mahali pa kwenda. Zimbabwe ilituonyesha njia iliyo karibu na uwezo wetu, pale daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda alipowafunza akina bibi wa Mbare, mjini Harare, kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao karibu na zahanati. Na jaribio lililochapishwa mwaka 2016, la watu 573, lilionyesha kwamba waliokaa na walezi wa kawaida waliofunzwa namna hiyo walipona zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Podikasti za Kiswahili zikimtaja msikilizaji benchi la jinsi hiyo, au mnasihi wa zahanati ya kata, mwishoni mwa kila kipindi na kwa sauti iliyo wazi, zitakuwa zimemfikisha mlangoni.

Nasema haya hasa kwa wanafunzi waliomo ukumbini, ambao najua kwamba wengine wenu mnarekodi vipindi hivi hosteli. Sauti mliyopewa ni amana. Mtu aliyenena leo kwa sababu uso wake haukuonekana anaweza kuolewa kesho katika aila ambayo itamtambua kwa sauti, na maneno yaliyotoka hewani zamani yalipotea, lakini haya hukaa. Kwa hiyo mpeni msimulizi aisikie habari yake yote kabla haijatoka. Muulizeni siku ile, na mmuulize tena baada ya wiki. Fichueni jina kwa idhini yake tu. Na akiwaambia "niondoleeni", hata kama watu elfu wamekwisha isikiliza na kipindi kile ndicho kilichowapatia sifa, kiondoeni siku hiyo hiyo, wala msimdai sababu.