Pampu za Joto Kali Viwandani: Kurudisha Kazini Joto Linalotupwa

Katika kiwanda cha Agrana kilichoko Pischelsdorf, Austria, wanga wa ngano hukaushwa kwa hewa ya moto. Kwa kawaida kazi ya namna hiyo huachiwa boila inayochoma gesi. Kupitia mradi wa DryFiciency uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2016, wahandisi walifunga hapo pampu ya joto inayochukua joto lililokwisha kutumika kiwandani na kulipandisha. Mradi huo ulilenga nyuzi 160 za Selsiasi. Pampu nyingine ya mradi huo ilikausha matofali katika kiwanda cha Wienerberger huko Uttendorf, nchini humo humo.

Kanuni ni ile ile ya friji. Kimiminika maalumu hupokea joto la kadiri na kuchemka; kompresa huubana mvuke wake mpaka uwe moto zaidi; kisha mvuke huo hurudi kuwa kimiminika na kuliacha joto pale linapohitajika. Wazo lenyewe ni la zamani: katika miaka ya 1850 Peter von Rittinger alijaribu kuubana mvuke wa maji ya chumvi huko Ebensee, Austria, ili autumie tena kuchemshia.

Ila pampu haifai kila mahali. Kinachoamua ni nyuzi ngapi joto linapaswa kupandishwa. Kutoka nyuzi 80 hadi 120, kikomo cha kinadharia ni takribani vipimo 10 vya joto kwa kipimo kimoja cha umeme, na mashine halisi hufikia kama nusu ya hapo. Kutoka 60 hadi 150, kikomo hushuka chini ya 5, na mavuno halisi huwa kama 2 tu. Penye umeme ghali na kuni rahisi, tofauti hiyo ndiyo faida au hasara ya kiwanda.

Ndiyo maana viwanda vya maziwa, ambako joto halihitaji kupandishwa sana, vinastahili kutangulia. Maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 hivi ili kuua vijidudu, kisha hupozwa mara moja. Chini ya paa moja, boila inachoma kuni au mafuta huku mitambo ya baridi ikitupa joto nje! Kiwanda cha TINE mjini Bergen, Norway, kimeunganisha pande hizo mbili kwa pampu za joto.

Viwanda vya chai vya Kenya navyo hukausha majani kwa boila za kuni, katika nchi ambayo umeme wake mwingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Kukausha chai huhitaji joto kali zaidi, kwa hiyo hesabu yake ni ngumu kuliko ya maziwa.

Wasimamizi wa viwanda wanaombwa jambo moja kabla ya kuagiza boila nyingine: wapime joto linalotoka kwenye mabomba ya moshi, vikaushio na mitambo ya baridi, kwa nyuzi na kwa kiasi, kisha waweke vipimo hivyo mezani pamoja na bei ya umeme.