Theluji ya Lesotho

Mtu akitaka kuteleza kwenye theluji kwa mbao za skii, fikra hukimbilia Uswisi. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Si kila mara.

Lesotho, nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000, ina uwanja wa mchezo huo katika milima ya Maluti, kwenye kimo cha zaidi ya mita 3,000. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, Ulaya ikiwa jotoni.

Tusidanganyane: mteremko mkuu ni kama kilomita moja tu, na theluji nyingi hutengenezwa kwa mashine. Bingwa atachoka mapema. Lakini anayejifunza hahitaji zaidi, na matumizi yake yanabaki Afrika.

Basi chagua mlima unaokufaa, si unaotajwa. Kwaheri hadi juma lijalo.